Somo la 14: Kampuni ya Bima na Makarani Wake

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, natumaini mmekwisha kukaa, taa imewashwa, na redio imewekwa mahali ambapo hata wale wa nyuma wasikia. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: bima, wakala, mtandao, sahihi. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili, kisha wayanakili katika madaftari yao. Neno la nne ndilo litakalotuchukua muda mrefu leo, ingawa ndilo jambo mlilojifunza kwanza mlipoingia darasani, mlipoacha kutia dole gumba mkaanza kuandika majina yenu.

Darasa moja la mjini limeniandikia barua. Wameiandika wenyewe, kwa kalamu ya risasi, na mistari imenyooka, nawapongeza sana. Wasema hivi: "Mwenzetu mmoja ni mhudumu katika ofisi ya bima, hufagia na kupika chai. Juma lililopita makarani sita wa ofisi hiyo wamepewa barua kwamba kazi yao imekwisha, kwa kuwa shughuli zote zahamia kwenye mtandao. Lakini kampuni haikufilisika, na wateja wanaongezeka. Inakuwaje kazi iishe na wateja waongezeke?"

Swali hili ni zuri, na jibu lake si gumu. Tuanze na bima yenyewe.

Fikirini kijiji chenye watu 100, kila mmoja ana baiskeli ya shilingi 200,000. Kila mwaka baiskeli mbili huibwa, na hakuna ajuaye zitakuwa za nani. Wakikubaliana kila mmoja atoe shilingi 4,000 mwanzo wa mwaka, zitapatikana shilingi 400,000, nazo zatosha kuwanunulia wale wawili walioibiwa baiskeli mpya. Hiyo ndiyo bima. Haina uchawi wala siri. Ni sawa na vyama vyetu vya kuzikana, ila imeandikwa na ina hesabu.

Lakini nani atazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya? Nani ataandika majina? Na mtu akija analia kwamba ameibiwa, nani atakwenda kutazama kama kweli ameibiwa au ameiuza kwa shemeji yake? Lazima awepo mtunza daftari, naye lazima ale. Basi kila mwenye baiskeli atatoa shilingi 5,000 badala ya 4,000. Ile elfu moja ya ziada, mara watu 100, ni shilingi 100,000, ndio ujira wa mtunza daftari. Katika kampuni kubwa, mtunza daftari huyu ni watu wengi: wakala anayetafuta wateja, karani anayeandika hati, na mkaguzi anayechunguza hasara.

Sasa aja kijana na jambo jipya. Asema: "Ya nini kumlipa mtu azunguke? Kila mtu aandike mwenyewe jina lake na namba ya baiskeli yake katika simu, na fedha azitume kwa simu hiyohiyo." Mtambo wa kijana huyu wagharimu shilingi 300 tu kwa kila mtu. Mchango washuka toka 5,000 hadi 4,300. Watu wa kijiji cha pili wasikia, nao waingia. Wanachama wawa 150. Na mtunza daftari amekaa kibarazani kwake, hana la kufanya.

Ndugu zangu mliouliza, hilo ndilo jibu. Ile kazi ya kuandika bado ipo: sasa yafanywa na mwenye baiskeli mwenyewe, tena bila ujira. Wateja waweza kuongezeka hata mara mbili na karani asihitajiwe, kwa sababu kila mteja mpya aja na karani wake, naye ni yeye mwenyewe. Mteja amepata nafuu ya shilingi 700, nami sitaki kuidharau. Ni unga wa siku. Lakini yule mwanachama asiyejua kusoma, ambaye zamani mtunza daftari alimwandikia na kumsomea, leo atamwendea nani?

Mwalimu wa darasa, simamisha hapa kidogo. Wanafunzi wapige hesabu: 100 mara 5,000, kisha 150 mara 4,300. Waone ni mwaka upi chama kilipata fedha nyingi zaidi.

Sasa tutakwenda mbali kidogo, mpaka Marekani. Nimechagua huko kwa sababu jambo hili liliwapata mapema, tena likafika mahakamani, hata mambo mengi yaliyofanyika yameandikwa na yaweza kusomwa.

Mwaka 1931 duka kubwa la Sears, Roebuck and Co., lililokuwa likiuza vitu kwa njia ya posta, lilianzisha kampuni ya bima ya magari, jina lake Allstate. Mwanzoni bima hiyo iliuzwa kwa barua, kama duka lilivyouza vitu vyake vingine. Mtu alikaa nyumbani, akajaza fomu, akaitia katika bahasha. Mwaka 1933, katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini Chicago, wakala wa kampuni aliuza bima katika banda la Sears, na tangu hapo kazi ya wakala ikakua. Watu wengi hupenda kumwona uso kwa uso yule wanayempa fedha zao. Wakala alijua mteja ana watoto wangapi, gari lake ni kuukuu au jipya, na mteja alipogonga mti usiku, alimpigia simu wakala wake.

Tarehe 10 Novemba 1999 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itauza bima moja kwa moja kwa wateja, kwa njia ya mtandao na kwa simu. Mtandao, kwa wale wasioujua, ni kompyuta nyingi zilizounganishwa duniani kote, hata mtu aliye kwake aweza kusoma na kuandika katika daftari lililoko nchi nyingine. Katika tangazo hilohilo ilisema nafasi 4,000 za wafanya kazi wasio mawakala zitaondolewa, yaani kama mtu mmoja katika kila kumi ya wafanya kazi hao, na kwamba gharama zote zitapungua kwa dola milioni 600 kwa mwaka. Iandikeni namba hiyo kwa tarakimu: 600,000,000. Zihesabuni sifuri zake. Mkipata nane, mmepata.

Mawakala nao hawakuachwa. Zaidi ya 6,000 kati yao walikuwa waajiriwa kamili. Waliambiwa kwamba ajira yao itakoma katikati ya mwaka 2000. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi walikuwa wamefikia umri wa miaka 40 au kuupita, na kwa hiyo wengi wao hawakuwa tena vijana wa kuanza kazi nyingine asubuhi ya pili.

Sasa, ndugu wanafunzi, tumefika kwenye neno la nne. Mawakala hao waliwekewa njia nne mbele yao. Wa kwanza angeweza kuendelea kuuza bima za kampuni ileile, lakini si mwajiriwa tena. Angekuwa mtu wa kujitegemea. Wa pili angepewa dola 5,000 na haki ya kumwuzia mtu mwingine biashara ya wateja wake. Wa tatu angelipwa mshahara wa mwaka mzima, aende zake. Lakini kwa kila njia katika hizo tatu ilitakiwa sahihi. Wakala alipaswa kutia sahihi hati isemayo kwamba ameacha haki yake ya kuishtaki kampuni kwa mambo ya ajira yake na ya kuachishwa kwake. Asiyetaka kutia sahihi alibaki na njia ya nne, mshahara wa majuma 13 tu.

Ebu pimeni wenyewe. Upande huu mshahara wa majuma 52, upande ule majuma 13, na katikati jina lako juu ya mstari. Wengi walitia sahihi. Mwaka 2001 baadhi yao walikwenda mahakamani, wakidai kwamba wameondolewa kwa sababu ya umri wao, na kwamba hati ile walitiishwa kwa hofu. Tume ya serikali ya Marekani inayoangalia usawa katika kazi nayo ikaishtaki kampuni kwa ajili ya hati hiyo. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ikatoa hukumu katika kesi ya Tume: kampuni haikuvunja sheria kwa kuwataka watie sahihi, kwa kuwa kwa sahihi hizo iliwapa kitu ambacho haikulazimika kuwapa.

Miaka 15 ilikuwa imepita tangu siku ya kutia sahihi. Na watu hao, fikirini, walikuwa wasomi. Kazi yao ya kila siku ilikuwa kusoma hati na kuwaeleza wengine maana yake. Walipewa miezi kadhaa ya kufikiri. Mtu wa kwetu huenda akapewa dakika kumi, amesimama.

Kampuni ile haikuishia hapo. Tarehe 30 Septemba 2020 ilitangaza kuondoa nafasi nyingine kama 3,800, karibu watu wanane katika kila 100, na baadhi ya ofisi ikazifunga kwa sababu wafanya kazi wengi walikuwa wakifanyia kazi nyumbani. Mteja wa leo amekaa kwake, ajaza fomu mwenyewe na kuituma, kama yule mteja wa mwaka 1931, ila bahasha imekuwa simu.

Huenda mtu akasema: wakala na karani wa kuandika wataondoka, lakini anayesoma na kufikiri atabaki. Tazameni Japani. Mwezi wa Januari 2017 kampuni ya bima ya maisha iitwayo Fukoku ilianza kutumia mtambo wa kompyuta kusoma hati za madaktari na kusaidia kukokotoa malipo ya wagonjwa, na nafasi 34 za kazi zikapunguzwa. Mtambo uligharimu yeni milioni 200 hivi, na kuutunza ni yeni milioni 15 kwa mwaka. Kampuni ilitazamia kuokoa yeni milioni 140 kwa mwaka katika mishahara. Toeni 15 katika 140, mtapata 125. Basi ile 200 ingerudi kabla ya mwaka wa pili kwisha. Mwenye kampuni akiiona hesabu ya namna hii, ni vigumu kumwambia aiache. Mimi siilaani mashine, maana hata redio hii ni mashine, nayo ndiyo iliyonifikisha kwenu. Lakini hesabu ile ina upande mmoja tu. Hasara ya wale 34 haikuandikwa humo, na haitaandikwa mpaka wao wenyewe waiandike.

Turudi kwetu Tanzania. Nanyi mmeona kwamba stika ya bima ya gari haiandikwi tena kwa mkono na karani. Ni ya kielektroniki, na mtu yeyote mwenye simu ya mtandao aweza kuingia katika mtambo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, akaandika namba ya gari akaona kama bima yake ni hai. Jambo hili limewasaidia wengi, maana zamani stika za uongo ziliuzwa vituoni kama karanga, na abiria aliumia akakuta hana wa kumlipa.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa mmoja wa makarani walioandika stika kwa mkono. Aliifanya kazi hiyo miaka 19, katika ofisi ambayo sitaitaja. Hati yake ilikuwa nzuri hata watu walimletea kadi za harusi awaandikie. Siku alipoitwa, walikuwa watu tisa katika ujia wa ofisi, wamepanga mstari. Mezani palikuwa na bahasha na karatasi moja. Karatasi ilisema: "Nimepokea haki zangu zote, na sina dai lolote." Aliniambia baadaye kwamba aliona haya kuisoma kwa muda mrefu, kwa kuwa nyuma yake walikuwapo vijana aliowafundisha kazi, naye hakutaka wamwone anatetemeka. Akatia sahihi, sahihi nzuri yenye mkia, akatoka.

Karatasi hiyo niliisoma mimi, miezi minne baadaye, nilipokwenda kumjulia hali. Siku 20 za likizo ambazo hakuzichukua hazikuhesabiwa. Nauli ya kurudi wilayani kwake, alikochukuliwa kazi, haikuwamo. Hati ya utumishi, inayoonyesha kazi aliyoifanya na kwa miaka mingapi, hakupewa. Nikamwambia, "Mjomba, twende tukadai." Akanijibu, "Mjomba, acha. Jina langu liko pale chini."

Basi sikilizeni yasemwayo na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, maana haya yawahusu hata wasio makarani. Mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu ya mashine mpya au kwa sababu nyingine ya uendeshaji hana ruhusa ya kuwashtukiza. Ni lazima atoe taarifa mara afikiriapo jambo hilo, atoe habari zinazohusika, na ashauriane na chama cha wafanya kazi, au na wafanya kazi wenyewe kama hawana chama. Watashauriana kwa nini watu wapunguzwe, kama yawezekana kuepuka, ni kwa njia gani watachaguliwa wa kuondoka, lini, na kwa malipo gani. Wasipopatana, shauri hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kisha kuna malipo. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au fedha badala yake. Hulipwa kazi aliyokwisha kuifanya, na likizo iliyobaki. Kama alichukuliwa kazi mahali pengine, hurudishwa pamoja na mizigo yake au hupewa nauli. Na kama amefanya kazi mwaka mzima au zaidi, hupata kiinua mgongo, kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza. Lakini angalieni, wengi hukosea hapa: sheria huhesabu miaka isiyozidi 10. Tufanye mshahara wa siku ni shilingi 20,000. Mara 7 ni 140,000. Mtu aliyefanya kazi miaka 6 atapata 840,000. Mtu aliyefanya kazi miaka 19 hatapata 2,660,000 kama mnavyodhani. Atahesabiwa miaka 10, yaani 1,400,000. Mimi naona kikomo hicho ni kikali kwa mtu aliyezeekea kazini, lakini hicho ni kiwango cha chini tu, na katika yale mashauriano chama chaweza kuomba zaidi. Ndiyo maana mashauriano hayafai kuachwa yapite kama mkutano wa kunywa soda.

Jambo jingine. Mwajiri akikupa kazi nyingine, tuseme ya kujibu simu za wateja badala ya kuandika stika, nawe ukaikataa bila sababu ya maana, waweza kukikosa kiinua mgongo. Kwa hiyo usiseme "sitaki" kwa hasira. Kwanza uliza mshahara wa kazi hiyo, mahali pake na saa zake. Uombe majibu kwa maandishi.

Na mtu aliyeachishwa kazi asiporidhika, ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake kwenye Tume. Kwa madai mengine, kama ya malipo, ni siku 60. Siku hizo zikipita, ni lazima kwanza aombe asamehewe kuchelewa, aeleze sababu, na sababu ya kwamba aliona haya si nzito sana mbele ya Tume. Mjomba wangu alikuwa na siku zaidi ya 120 mgongoni.

Sasa nasema na ninyi mlioleta barua. Mmesema makarani wale walipewa barua juma lililopita. Barua yenu ina tarehe, na nimeihesabu: siku 12 zimekwisha leo. Mhudumu wetu, kesho upelekapo chai, waulize makarani kwa adabu kama wamekwisha kutia sahihi. Kama bado, waambie waombe kuichukua karatasi nyumbani kwa usiku mmoja, nanyi darasani mwaweza kuisoma pamoja nao, mstari kwa mstari. Msicheke, karani aweza kushindwa kusoma karatasi yake mwenyewe, nimekwisha kuwaambia. Na kama wamekwisha kutia sahihi, wasikate tamaa kabla ya kuuliza Tume. Wabaki na nakala, na waende kabla ya siku 30.

Zoezi la nyumbani ni hili. Andikeni katika daftari: mtu ameachishwa kazi tarehe 3 Machi. Siku yake ya 30 ni tarehe ngapi? Hesabuni kwa vidole kama mnataka, lakini andikeni kwa tarakimu. Halafu kila mtu atafute karatasi moja yenye sahihi yake, iwe ya mkopo, ya kodi ya nyumba au ya kazi, aje nayo darasani Jumanne. Tutazisoma. Mwalimu wa darasa, futa ubao, ila neno sahihi uliache. Kwaherini.